Kuchagua na kufunga mfumo wa ziada wa dizeli kwenye pikapu ya komoni reli

Wengi wanaoleta pikapu gereji wakitaka kufungiwa mfumo wa ziada wa mafuta huwa wamekwisha kununua vifaa kabla ya kujua gari lao linaugua nini, na mara nyingi boksi lililoko kiti cha nyuma lina pampu kubwa ya umeme ambayo gari hilo halikuihitaji hata kidogo. Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Kupima kunakuja kwanza, kununua kunafuata, na kufunga ni kwa mwisho, tena kwa usafi ambao gereji zetu nyingi bado hazijauzoea.

Mfano nitakaoushika ni Toyota Hilux yenye injini ya 1KD-FTV ya lita 3.0, ambayo ni ya komoni reli, yaani pampu ya presha kubwa hubana dizeli ndani ya bomba moja (reli) linalolisha injekta zote, kwa sababu imeenea sana katika barabara zetu na mafundi wengi wamekwisha kuifungua. Mwenye Land Cruiser, Isuzu au Ranger atakuta kanuni ni zile zile, ingawa mahali pa kufungia na saizi ya mipira vitatofautiana. Ninaposema mfumo wa ziada nina maana ya vitu vitatu ambavyo vinaweza kufungwa pamoja au kimoja kimoja: chujio la awali linalotenganisha maji, chujio la mwisho lenye matundu madogo zaidi, na fidi pampu ya umeme inayosukuma dizeli kutoka tenkini kwenda mbele.

Kwa nini gari la komoni reli linahitaji uangalizi huu

Injini za zamani kama 1HZ ya Land Cruiser, yenye pampu ya kimakenika, zilikuwa na uvumilivu mkubwa. Zilikunywa dizeli ya kwenye madumu, zikatoa moshi, zikakohoa, na bado zikafika. Komoni reli haina uvumilivu huo. Ndani ya reli dizeli hubanwa hadi kufikia baa 1,600 na kuendelea, na nafasi iliyopo kati ya sehemu zinazoteleza ndani ya injekta ni maikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Punje ya vumbi usiyoiona kwa macho inatosha kukwangua njia, na tone la maji linalofika kwenye ncha ya injekta yenye moto hugeuka mvuke kwa ghafla na kula chuma.

Jambo la pili ni kwamba dizeli yenyewe ndiyo mafuta ya kulainisha pampu ya presha kubwa. Nchi za Afrika Mashariki za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, hatua njema kwa mapafu yetu, lakini uondoaji wa salfa hupunguza ulainishaji wa asili wa dizeli, na watengenezaji huurudisha kwa kuongeza dawa maalumu. Mtu anapochanganya mafuta ya taa humo, ulainishaji huo hupotea tena. Ndiyo maana EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama maalumu ya kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iondoke. Hapa niseme wazi jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalisemi: hakuna chujio linaloondoa mafuta ya taa ndani ya dizeli. Yakishachanganyika yanapita kama yalivyo. Dawa yake ni kujua unajaza wapi, na kutunza risiti.

Somo la tatu linatoka Marekani, ambako biashara ya mifumo hii ilikua sana. Pikapu za Dodge Ram zilizotoka kati ya 1998 na 2002 zikiwa na injini ya Cummins ya lita 5.9 yenye vali 24 zilitumia pampu ya Bosch VP44, nayo ililishwa na fidi pampu ndogo ya umeme iliyofungwa ubavuni mwa injini, mbali na tenki. Fidi pampu hiyo ilikuwa inadhoofika polepole bila dereva kuona dalili yoyote, na VP44, ambayo hupozwa na kulainishwa na dizeli hiyo hiyo, ilikufa kwa kiu. Kutokana na hapo kampuni kama FASS na AirDog zikajijengea jina kwa mifumo inayofungwa kwenye chesisi karibu na tenki, ikiwa na pampu na machujio mawili kwa pamoja. Kwa upande mwingine, pikapu za General Motors zenye Duramax zilitengenezwa kuanzia 2001 hadi 2016 bila fidi pampu kabisa. Pampu ya presha kubwa ilijivutia yenyewe kutoka tenkini. Hilux ya 1KD iko upande huu wa pili. Pampu yake ya Denso ina kivutio kidogo ndani yake, na njia yote kutoka tenkini hadi pampuni iko katika hali ya kunyonya. Kwa hiyo anayechukua ushauri uliotolewa kwa mwenye Ram ya 2001 na kuutumia kwenye Hilux anatibu ugonjwa wa mtu mwingine.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kutoa fedha

Anza na tenki. Legeza boliti ya chini ya tenki gari likiwa limelala usiku mzima mahali tambarare, kinga kiasi cha lita moja kwenye chupa ya kioo iliyooshwa na kukauka kabisa, kisha iache itulie hadi kesho yake. Asubuhi iinue dhidi ya mwanga na uiinamishe taratibu. Maji yatajionyesha chini kama tone zito linaloteleza peke yake huku dizeli ikibaki juu. Mchanga na kutu vitalala kwenye kona. Ukiona utando mweusi unaoteleza kama kamasi pale maji yanapokutana na dizeli, hao ni vijidudu vinavyoishi kwenye mpaka huo, na hapo usifikirie chujio lolote kabla ya kushusha tenki na kulisafisha, kwani chujio jipya litaziba ndani ya siku chache na utalaumu kifaa kisicho na kosa.

Pili, pima mnyonyo. Hii ndiyo kazi ambayo ningependa kila fundi wa dizeli aizoee. Tafuta geji ya kupima vakyumu, iunganishe kwa kiungo cha njia tatu kwenye mpira unaoingia pampu ya presha kubwa, baada ya chujio la asili (lile gari lilikuja nalo kutoka kiwandani), kisha pitisha mpira mrefu wa geji hadi ndani ya kabini mahali ambapo msaidizi wako, wala si dereva, ataweza kuusoma. Gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, lipeleke kwenye mlima mrefu. Anayekaa upande wa Iringa ana Kitonga, anayekaa Nairobi ana mteremko wa Mai Mahiu wakati wa kurudi juu. Kanyaga mafuta mpaka mwisho kwenye gia ya kati na usome geji injini inapofanya kazi kubwa kabisa.

Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki. Geji ikibaki chini ya inchi 5 za zebaki, yaani kama kilopaskali 17, njia iko wazi na pampu haisumbuki. Gari hilo linahitaji chujio la awali tu, basi. Ikiwa kati ya inchi 5 na 10, badilisha kwanza chujio la asili, kagua mipira na wavu ulio ndani ya tenki, kisha pima tena. Ikizidi inchi 10 baada ya hayo yote, kuna kizuizi ambacho lazima kitafutwe, na kuongeza fidi pampu ya umeme kabla ya kukipata ni sawa na kumpa mgonjwa wa koo chakula kwa nguvu. Kitabu cha gari kikitoa kipimo chake, hicho ndicho cha kufuata.

Wakati huo huo weka kwa muda kipande cha mpira unaopenyesha mwanga, kama sentimita 20, mbele kidogo ya pampu. Kwenye njia inayonyonya, tundu dogo halivujishi dizeli nje bali linavuta upepo ndani, kwa hiyo chini ya gari kutakuwa kukavu kabisa huku injini ikiteseka. Tazama mpira huo injini ikiwa inaunguruma taratibu, kisha mwambie mwenzako akanyage hadi mizunguko 3,000. Kiputo kimoja kimoja mwanzoni mwa safari si hoja. Mnyororo wa viputo vidogo usiokatika, unaofanana na soda iliyofunguliwa, una maana upepo unaingia mahali fulani. Mara nyingi nimeukuta ukiingia kwenye orinji (pete ya mpira ya kuzibia) ya kichwa cha chujio la asili, ile ya pampu ya mkono, ambayo ikizeeka hupasuka bila kuonekana kwa juu.

Mwisho wa vipimo, soma kompyuta ya gari. Msimbo P0087 husema presha ya reli iko chini ya inayotakiwa, lakini hausemi kwa nini. Unaweza kutokana na chujio lililoziba, vali ya SCV (inayodhibiti mafuta yanayoingia pampuni) inayokwama juu ya pampu, injekta inayorudisha mafuta mengi kupita kiasi, au pampu iliyolika. Mfumo wa ziada hutibu sababu ya kwanza tu. Vivyo hivyo, injini ya 1KD inajulikana kwa wosha za chini ya injekta kupitisha gesi na kujaza oili masizi, na hilo halihusiani kabisa na uchujaji wa dizeli. Mweleze mwenye gari mambo haya kabla hajalipa.

Hatua ya pili: kuchagua

Kwa pikapu nyingi zinazofanya kazi vijijini na kujaza dizeli popote inapopatikana, jibu langu ni chujio la awali linalotenganisha maji, lenye bakuli la chini linaloonyesha ndani, likifungwa kati ya tenki na chujio la asili. Linakaa upande wa kunyonya, na hilo lina sababu yake: pampu yoyote inapoyapitisha maji huyapigapiga na dizeli mpaka yanakuwa matone madogo mno yasiyotengana kwa urahisi. Maji yanatakiwa yakamatwe kabla ya kupigwa na pampu.

Matundu ya chujio hili yawe makubwa kuliko ya chujio la asili. Maikroni 30 ni sahihi kwa mahali hapa, na 10 inaweza kukubalika ikiwa kichwa chake ni kikubwa. Nimeona watu wakinunua la maikroni 2 kwa fikra kwamba dogo ndilo bora, wakaliweka mbele ya yote. Likaziba katikati ya safari, mnyonyo ukapanda, na gari likaanza kukosa nguvu mlimani, jambo ambalo halikuwa likitokea kabla. Kazi ya chujio la awali ni kuchukua maji na uchafu mkubwa ili chujio la asili lifanye kazi yake ndogo kwa muda mrefu.

Kuhusu ukubwa, usihesabu dizeli inayoliwa na injini peke yake. Pampu ya komoni reli huzungusha mafuta mengi na kuyarudisha tenkini, kwa hiyo chujio hupitisha mara kadhaa ya kile kinachochomwa. Chukua mfano wa machujio ya chapa ya Racor, ambayo yanapatikana katika maduka makubwa ya vipuri na ya boti: namba 500 imepimwa kwa lita 227 kwa saa, namba 900 kwa lita 341, na namba 1000 kwa lita 681. Ya kwanza inatosha pikapu ya lita 3.0 bila shida, na kwa lori kubwa utapanda. Ndani yake kiini, yaani sehemu ya kuchujia inayobadilishwa, cha maikroni 2 ni cha rangi ya kahawia, cha 10 ni cha bluu, na cha 30 ni chekundu, jambo linalosaidia sana dukani. Kabla ya kuchagua chapa yoyote, nenda kaulize bei na upatikanaji wa kiini cha kubadilisha katika mji unakoishi wewe. Kichwa kizuri ambacho kiini chake kinaagizwa kwa wiki tatu kitaishia kutumika na kiini kilichooshwa kwa petroli, nacho ni kibaya kuliko kutokuwa na chujio.

Chujio la mwisho, la baada ya lile la asili, ni la hiari, na mimi hulifunga mara chache. Faida yake ni kweli, lakini kosa lolote la usafi wakati wa kulibadilisha huenda moja kwa moja kwenye pampu, kwa sababu hakuna kingine mbele yake.

Sasa fidi pampu ya umeme. Ifikirie pale tu ambapo vipimo vimeonyesha mnyonyo mkubwa usio na kizuizi cha kuondoa, kwa mfano gari lililoongezewa tenki la pili mbali na la kwanza, au lile linalopanda milima mirefu kila siku na mipira yake ni ya asili na mizima. Iwe ya presha ndogo, kati ya psi 4 na 7, sawa na baa 0.3 hadi 0.5. Usikubali kabisa kufungiwa pampu ya tenki ya gari la petroli la EFI, inayotoa baa 3, eti kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Pampu iliyoundwa kunyonya ina sili ya shafti isiyotarajia kusukumwa hivyo. Sili ikisalimu amri kwenye pampu inayoendeshwa na gia, dizeli huingia kwenye oili ya injini, oili hupungua uzito, na beringi za injini ndizo zinazolipa. Hakikisha pia kwamba fidi pampu ikizimika inaruhusu mafuta kupita. Ikiwa mpya na kavu, ipulize kwa mdomo kufuata mshale wake: pumzi ikipita, injini itaweza kujivutia siku pampu itakapokufa porini, isipopita, utahitaji njia ya pembeni yenye vali ya upande mmoja.

Hatua ya tatu: vifaa

Pima kipenyo cha bomba la gari lako kwa kalipa, usikisie kwa macho. Nunua mpira wa mafuta wenye maandishi ya kiwango cha SAE J30 ubavuni, wala si mpira wa maji au wa hewa unaofanana nao, kwa kuwa mpira usio wake hulainika kwa ndani na kumeguka vipande vyeusi. Chagua klempu za ukanda laini zinazozunguka sawasawa. Zile zenye meno yaliyotobolewa hukata mpira.

Bomba za shaba za friji, ambazo mafundi wengi huzipenda kwa sababu zinakunjika vizuri, usizitumie kwa dizeli. Shaba huharakisha kuharibika kwa dizeli na kuzalisha gundi. Viungo vya mabati navyo viache dukani, maana zinki hujibu na dizeli na kuacha masalia yanayoziba machujio. Chuma cha kawaida, chuma kisichoshika kutu na alumini vinafaa.

Utepe mweupe wa fundi bomba usiukaribishe kwenye kazi hii. Nilipokea Hilux moja iliyokuwa imefungiwa chujio la ziada kwingine mwezi mmoja nyuma, ikizimika ovyo inapopata moto. Nilipofungua vali ya SCV nilikuta uzi wa utepe huo, mwembamba kama wa buibui, umejikunja ndani ya tundu lake. Ulikatika kwenye nyuzi za kiungo cha chujio la mwisho, upande ambao hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Mwenye gari alilipia pampu. Tumia gundi ya majimaji ya kuzibia nyuzi inayokubali dizeli, ipakwe kuanzia uzi wa pili ili isisukumwe ndani, au viungo vyenye wosha mpya. Silikoni nyekundu ya kufungia sampu nayo haifai, kwa kuwa dizeli huivimbisha na kuing'oa.

Hatua ya nne: mahali pa kufungia

Kwenye Hilux napendelea ndani ya boneti, karibu na chujio la asili, kwenye bati la pembe nene la milimita 3 au 4 lililofungwa kwa boliti zilizopo tayari. Hapo dereva anaona bakuli kila anapopima oili, na mawe ya barabara za vumbi hayalifikii. Kwa lori, ubavu wa ndani wa chesisi nyuma ya kabini unafaa zaidi. Popote utakapochagua, kaa mbali na tabo na bomba la moshi, acha nafasi ya kufungua kifuniko cha juu na kutoa kiini bila kukunja, na hakikisha chini ya bakuli unaweza kuweka chupa ya kukingia maji. Bakuli la plastiki likiwa karibu na joto lazima liwe na kinga ya chuma; nyingi huuzwa nayo kama kifaa cha pembeni, na watu hukiacha ili kuokoa fedha kidogo.

Shikilia bati na ulitikise kwa nguvu zako zote kabla ya kuunganisha mpira wowote. Likicheza mkononi, barabarani litapasuka.

Hatua ya tano: kuunganisha

Osha eneo lote kwa maji na sabuni siku moja kabla, likauke. Siku ya kazi, ng'oa waya hasi wa betri, fungua kifuniko cha tenki kidogo ili kuondoa mnyonyo, na uandae vizibo safi kwa kila bomba litakalofunguliwa. Mipira mipya ikate kwa kisu kikali kilicholowekwa dizeli, usitumie msumeno, kisha ipulize kwa hewa kavu kutoka pande zote mbili na kuziba ncha hapo hapo. Usipanguse viungo kwa matambara yenye manyoya. Kitambaa cha pamba kilichochanika kwenye fulana kuukuu huacha nyuzi, na nyuzi hizo zina tabia ya ule utepe.

Mpangilio uwe huu: tenki, chujio la awali, fidi pampu ikiwa ipo, chujio la asili, kisha pampu ya presha kubwa. Angalia mishale ya kuingilia na kutokea kwenye kichwa. Kukosea upande hakuzuii injini kuwaka, na ndiyo maana kosa hilo hudumu kwa miezi huku maji yakipita bila kutenganishwa. Bomba la kurudisha mafuta tenkini usiliguse. Mipira ipite mbali na ncha kali, ifungwe kila baada ya sentimita 30 hivi, na isiwe na mpindo wa juu ambao utakuwa makao ya upepo.

Kujaza chujio la awali kwa dizeli safi kabla ya kulifunga kunaruhusiwa, maana mbele yake lipo chujio jingine. Chujio la asili na la mwisho usiyajaze kwa kumimina katikati, kwa sababu tundu la katikati ni la upande uliokwisha kuchujwa. Yajazwe kwa pampu ya mkono.

Umeme wa fidi pampu, kwa walioifunga, uchukuliwe kutoka betri kupitia fyuzi ya saizi iliyoandikwa na mtengenezaji, iliyo karibu na betri yenyewe, kisha kwenye rilei (swichi inayowashwa kwa umeme). Rilei iamriwe na swichi ya presha ya oili ili pampu isimame injini inapozimika. Pampu inayopata umeme wa swichi ya funguo peke yake itaendelea kusukuma dizeli gari likipinduka na mpira kukatika. Waya hasi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Malori yenye volti 24 yapewe pampu ya volti 24.

Hatua ya sita: kutoa upepo

Piga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la asili. Mara 50 za mwanzo zitakuwa nyepesi, kisha utahisi mkono unazidi kuwa mzito, na mwisho pampu itakataa kushuka. Kama kichwa kina skrubu ya kutolea upepo, ilegeze kidogo huku ukipiga mpaka itoke dizeli isiyo na povu, kisha ikaze kabla hujaachia mkono. Rudishia waya wa betri na uwashe injini kwa vipindi visivyozidi sekunde 15, ukiacha stata ipoe katikati yake.

Hapa kuna tabia ya zamani ambayo nawasihi mafundi wenzangu waiache. Kwenye injini za pampu ya kimakenika tulizoea kulegeza nati za bomba za nozeli injini ikizungushwa ili upepo utoke. Kwenye komoni reli usifanye hivyo kamwe. Mnyunyizo wa presha hiyo hupenya ngozi kama sindano, tena bila maumivu makubwa mwanzoni. Jeraha huonekana kama tundu la mwiba, ilhali dizeli imeshasambaa ndani ya nyama ya mkono. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na daktari aambiwe wazi kwamba ni dizeli ya presha kubwa, kwa sababu huhitaji upasuaji wa haraka. Uvujaji kwenye reli utafutwe kwa kipande cha kadibodi, si kwa vidole.

Hatua ya saba: majaribio na siku za mwanzo

Acha injini iungurume dakika 20, ukitazama ule mpira unaopenyesha mwanga. Rudia safari ya mlimani ukiwa na geji. Chujio la awali likiwa jipya halipaswi kuongeza zaidi ya inchi 1 au 2 za mnyonyo juu ya kipimo cha kwanza. Likizidi hapo, saizi ya kichwa au ya mpira ni ndogo. Andika namba zote mbili kwenye karatasi na uibandike ndani ya boneti, kwani ndizo zitakazokuambia baadaye wakati kiini kimechoka bila kubahatisha kwa kilomita. Ukimaliza, ondoa mpira wa majaribio na urudishe wa kudumu, utoe upepo tena.

Toa maji ya bakuli kila wiki kwa mwezi wa kwanza, injini ikiwa imezimwa na gari limelala. Ukifungua koki upande wa kunyonya huenda dizeli isitoke mpaka ulegeze kifuniko cha juu. Usisahau kukikaza na kupiga pampu ya mkono baadaye. Kama umefunga sensa ya maji yenye king'ora kabini, ijaribu kwa kugusisha ncha zake mbili ndani ya kikombe cha maji, badala ya kusubiri ijaribiwe na maji ya kweli porini.

Kiini cha kwanza kitoe baada ya kilomita 1,000, hata kama geji haijapanda. Mipira mipya, viungo vipya na tenki lililotikiswa huachia uchafu wao katika siku hizo. Kikate kwa kisu, kunjua karatasi yake juu ya gazeti jeupe na uiache ikauke. Vumbi la kahawia ni la kawaida kwa barabara zetu. Chembe zinazong'aa kama bati zimetoka kwenye tenki, au kwenye fidi pampu inayojila. Vipande vyeusi vinavyonyumbuka ni vya mpira, na hapo urudi kukagua kila futi ya mpira ulioufunga mwenyewe kabla gari halijaondoka tena gereji.